Mshumaa unatoka jasho na bado haunukii: tatizo si uchache wa mafuta

Swali kutoka kwa msomaji wa Tanga: "Natengeneza mishumaa ya karafuu na mchaichai kwa nta ya soya, kwenye vikopo vya glasi vyenye kipenyo cha sentimita 7. Nilianza na mafuta kidogo, wateja wakasema hainukii, nikapandisha hadi asilimia 15. Sasa juu inatoka jasho la mafuta na wateja wanairudisha. Nikiwasha, mwali ni mdogo, nta inachimbika katikati tu, na chumba hakinukii. Niongeze mafuta au nibadilishe muuzaji?"

Usiongeze hata tone, dada. Mafuta ndiyo yaliyokuponza. Shuka hadi asilimia 6 ya uzito wa nta, badilisha utambi kabla ya kubadilisha muuzaji, na uichanganye soya yako na nta ngumu zaidi, kwa sababu soya laini ya kwenye kopo haikutengenezwa kwa ajili ya Februari ya Tanga.

Tuanze na harufu. Harufu unayoisikia chumbani haitoki kwenye mwali. Mafuta yanayopanda na utambi huungua pamoja na nta na habari yake huishia hapo. Inayonukia ni ile inayofuka kutoka kwenye dimbwi la nta iliyoyeyuka kuuzunguka utambi. Dimbwi likiwa pana na la moto, chumba kinanukia. Likiwa dogo kama sarafu, hata ungetia nusu ya chupa, mafuta yamefungwa ndani ya nta iliyoganda na hayana pa kutokea.

Sasa tazama kilichotokea kwako. Mafuta ya karafuu ni mazito, sehemu yake kubwa ni eugenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, na yakizidi huuziba utambi. Nta inapanda kwa shida, mwali unasinyaa, dimbwi linabaki dogo, harufu inapotea. Wewe ukadhani mafuta ni machache, ukaongeza, ukauziba utambi zaidi. Kwa hiyo jasho, mwali mdogo, shimo la katikati na ukosefu wa harufu si matatizo manne. Ni moja, na joto la Pwani limelizidisha.

Jasho lenyewe linakuja hivi. Nta ya soya ikiganda hutengeneza chembechembe ndogo za fuwele, na mafuta ya harufu hukaa katikati ya chembe hizo. Kila nta ina kikomo chake. Soya nyingi za kopo hubeba asilimia 6 hadi 10 ya uzito wake, na mtengenezaji huandika kikomo kwenye karatasi ya maelezo. Ukivuka hapo, mafuta ya ziada hayana nafasi. Tena soya hizo huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 46 hadi 49 za Selsiasi, na hulainika mapema zaidi zikiwa na mafuta ndani. Kibanda cha bati mchana au gari lililofungwa juani hufika huko bila taabu. Joto likipanda, chembe ndogo zinayeyuka na kuyaachia mafuta. Usiku nta inakaza tena, ila mafuta yameshatoka juu. Ndiyo maana mshumaa uliotoka nyumbani mkavu unafika sokoni umelowa.

Kuna hatari ambayo pengine hujaiona. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, na nta ni nyepesi kuliko maji. Mafuta yasiyoshikwa na nta huzama hadi chini ya kopo, pale penye kibati cha utambi. Mwali ukishafika chini unakutana na dimbwi la mafuta matupu, unaweza kuruka ghafla na kupasua glasi. Chukua kopo moja, liangalie chini kwenye mwanga. Ukiona matone au utepe wa majimaji yenye rangi nyingine, mishumaa ya mkupuo huo usiuze.

Pima kwa uzito, si kwa kijiko wala kwa mililita. Mililita 30 za mafuta ya karafuu zina zaidi ya gramu 31, ilhali mililita 30 za mchaichai zina kama gramu 27. Ukichanganya kwa mililita, kila mkupuo utakuwa na sura yake. Mzani wa jikoni unaosoma gramu moja unatosha kwa nta, lakini kwa mafuta tafuta ule unaosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Kujua kopo linabeba nta kiasi gani, liweke juu ya mzani, sawazisha sifuri, tia maji hadi pale nta itakapofika. Tuseme umepata gramu 200 za maji. Nta iliyoyeyuka ni nyepesi, kwa hiyo zidisha kwa 0.86, utapata kama gramu 172 za mchanganyiko. Gawa kwa 1.06 na utajua nta ni gramu 162, mafuta ni gramu 10. Kwa makopo 12 chukua nta gramu 2,000 na mafuta gramu 120. Hapo utabakiwa na kidogo cha kuzibia mashimo. Kausha makopo kabisa kabla ya kumimina, maana tone moja la maji chini ya nta litakuja kupasuka kama mafuta ya kukaangia siku mshumaa utakapowashwa.

Kwa mchanganyiko wa nta, kianzio kinachofaa Pwani ni soya sehemu 60, nta ya parafini sehemu 35 na stearini (unga au vipande vya asidi ya mafuta vinavyoikaza nta) sehemu 5, kwa uzito. Parafini unayoitaka ni ile iliyosafishwa kikamilifu, inayouzwa kwa vipande vya mabamba na kuandikwa 58/60 kwenye gunia, yaani inayeyuka kati ya nyuzi 58 na 60. Nimesema kianzio kwa makusudi. Soya za viwanda viwili hazifanani, kwa hiyo tengeneza makopo matatu kwanza kabla ya kujaza meza. Atakayekuambia utumie parafini 58/60 peke yake kwenye glasi anakuingiza kwenye shida nyingine: husinyaa sana ikipoa, huachana na kuta za kopo, na bila viongezeo hubeba mafuta machache tu, kama asilimia 3. Nta ya nyuki ya Tabora ni nzuri na inastahimili joto, huyeyuka nyuzi 62 hadi 64, lakini ina harufu yake ya asali inayogombana na mchaichai, na ni nzito kupanda utambi. Iweke kwa mishumaa isiyotiwa harufu. Mafuta ya nazi yasahau kabisa. Yanayeyuka karibu na nyuzi 24, kwa hiyo Tanga ni kimiminika karibu mwaka mzima.

Yeyusha kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Usitumie chombo cha shaba, kwani stearini hula shaba na nta inageuka kijani. Tanguliza stearini na parafini, zikishayeyuka tia soya. Fikisha nyuzi 80 hadi 85, toa jikoni, zima moto, ndipo utie mafuta nta ikiwa imeshuka kati ya 75 na 80. Koroga polepole dakika mbili kamili, ukitazama saa. Wengi hukoroga sekunde ishirini na kuridhika kwa sababu macho yanaona yamechanganyika. Nta ikiwa ya baridi mno mafuta hayaingii vizuri, na ukikoroga kwa kasi unaingiza mapovu.

Hapa kuna imani moja inayozunguka sana: kwamba mafuta yenye kiwango cha kushika moto cha nyuzi 65, kwa mfano, "yataungua" yakitiwa kwenye nta ya nyuzi 78. Sivyo. Kiwango hicho ni joto ambalo mvuke wa mafuta unaweza kudaka moto ukisogezewa mwali. Hakikuambii harufu inapotea lini. Kinachokutaka ni kuwa moto wa jiko uwe umezimwa unapotia mafuta, na hilo si la kufanyia mzaha.

Mimina nyuzi 60 hadi 65 kwenye kopo lenye uvuguvugu. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya kopo na kopo, mbali na feni na dirisha lenye upepo, wala usiweke kwenye friji ili igande haraka. Kopo likipoa upande mmoja kabla ya mwingine, nta huachia glasi na kuacha mabaka yanayofanana na unyevu. Hayo ni ya macho tu. Vivyo hivyo weupe kama chokaa unaojitokeza juu ya soya baada ya siku chache: ni fuwele zake zinajipanga upya, mshumaa ni mzima. Mteja akiuliza, mweleze, usianze kubadilisha fomyula kwa ajili ya hilo. Pakitokea shimo karibu na utambi, yeyusha ile akiba, imimine ikiwa na joto la nyuzi tano zaidi ya mara ya kwanza, kiasi cha kufunika tu.

Halafu funika na uache iive siku 10 hadi 14 mahali pa giza. Ukiujaribu mshumaa wa soya kesho yake, unahukumu ubwabwa ambao bado una kiini.

Utambi ndio kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapofanya haraka. Uzi wa kushonea au kamba ya pamba ya kawaida haifai. Utambi wa mshumaa husukwa ili ncha yake ijipinde na kutoka pembeni mwa mwali, iungue yenyewe bila kukusanya masizi. Mfaransa Cambacérès alianzisha tambi za kusukwa mwaka 1825, na kabla ya hapo watu walikuwa na mkasi wa kukatia ncha kila mara. Nunua saizi tatu zinazofuatana ambazo muuzaji anazitaja kwa kopo la sentimita 7. Tengeneza makopo matatu ya nta ileile, mafuta yaleyale, siku ileile, yatofautiane kwa utambi tu. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilisaidia.

Baada ya siku za kuiva, kata utambi ubaki milimita 5, washa saa nne mfululizo, zima, acha upoe kabisa, kata tena, washa tena, hadi kopo liishe. Andika kila mara. Kanuni ya kawaida ni saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za kipenyo, kwa hiyo kopo lako linatakiwa liwe na dimbwi linalokaribia kuta kwenye saa ya tatu, lenye kina cha milimita 8 hadi 12. Usishangilie utambi unaofika ukutani kwa saa moja. Nta ikipungua, kopo hushika joto zaidi, na utambi huo ukifika nusu utakuwa unatoa moshi na kuichoma glasi. Ikiwa huwezi kulishika kopo kwa nje kwa sekunde chache, utambi ni mkubwa. Ncha ikivimba kama uyoga na masizi yakapaka mdomo wa glasi, ama utambi ni mkubwa ama mafuta yamezidi. Ikiwa mshumaa unachimba shimo katikati mara ya kwanza na ya pili, panda saizi moja. Kwa mafuta ya karafuu, mara nyingi utajikuta unahitaji saizi moja juu ya ile aliyoitaja muuzaji.

Kupima harufu usitumie pua yako. Imeshazoea tangu ulipofungua chupa. Washa kwenye chumba cha kawaida cha kulala, madirisha yamefungwa, toka nje, na baada ya saa mbili mwite mtu ambaye hakuwepo aingie aseme anasikia nini. Na uwe mkweli kwa wateja: mshumaa wa sentimita 7 hauwezi kushindana na chetezo cha udi. Anayeuweka barazani kwenye upepo wa kusi halafu analalamika, kosa si lako.

Sasa muuzaji. Kwa karafuu uko karibu na chemchemi, maana Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lina kiwanda cha kukamua mafuta hayo Pemba, na wakulima wenyewe wanajua tofauti ya mafuta ya maua, ya makonyo na ya majani. Uliza unauziwa yapi. Ya majani ni ya bei nafuu na harufu yake ni kali, ina ukakasi wa dawa ya meno. Ya maua yana utamu zaidi. Ya makonyo yako katikati, na kwa mshumaa yanatosha kabisa, hakuna haja ya kuunguza mafuta ya maua. Jaribio dogo la kufanya dukani: dondosha tone kwenye glasi ya maji. Mafuta safi ya karafuu huzama. Yakielea, yamechanganywa na kitu chepesi. Yakizama hujathibitisha kila kitu, lakini umeondoa udanganyifu wa kijinga zaidi.

Kwa uwiano, anza na karafuu sehemu 1 na mchaichai sehemu 3 kwa uzito. Mchaichai huruka haraka, ndiyo unaousikia kopo likifunguliwa. Karafuu hubaki chini na ndiyo unayoisikia chumbani. Hifadhi yote kwenye chupa za glasi nyeusi. Mafuta haya hulainisha plastiki nyingi, na mchaichai ukikaa kwenye mwanga na hewa huharibika. Vaa glavu, karafuu mbichi huunguza na kuwasha ngozi.

Ukitaka baadaye harufu zisizokamuliwa kwenye mmea, kama vanila au asumini ya kiwandani, utahitaji mafuta ya manukato yaliyotengenezwa kwa mishumaa. Hapo ndipo penye mitego. Mafuta ya kujipaka yanayouzwa kwenye vichupa, yale ya uturi, mara nyingi yamepunguzwa makali kwa vimiminika ambavyo vingine havishikamani na nta, na muuzaji hajui ni kwa kiasi gani. Pafyumu ya kupuliza ina spiriti, usiisogeze karibu na nta ya moto. Mwambie muuzaji akupe karatasi ya usalama na cheti cha IFRA, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya usalama wa manukato, kisha tafuta kundi la 12, ambalo ndilo la mishumaa. Muulize kiasi cha vanilini, kemikali yenye harufu ya vanila, kama unataka nta ibaki nyeupe, maana vanilini huigeuza kahawia na hakuna rangi itakayoificha. Muulize kiwango cha kushika moto: mafuta yasiyozidi nyuzi 60 husafirishwa kwa ndege kama mzigo wa hatari, na gharama yake inapanda. Na linganisha bei kwa gramu utakazotia kwenye kopo moja. Chupa ya nusu bei inayohitaji mafuta maradufu haijakuokolea shilingi.

Kwa nta, maswali ni mafupi: inayeyuka nyuzi ngapi, ni ya kopo au ya mshumaa wa kusimama, na kwa parafini, ina mafuta yake yenyewe yaliyobaki kiasi gani. Iliyosafishwa kikamilifu haizidi asilimia 0.5. Iliyosafishwa nusu hutoa jasho hata bila manukato. Andika namba ya mkupuo iliyo kwenye gunia. Siku mishumaa itakapobadilika tabia bila wewe kugusa kitu, angalia namba hiyo kwanza.

Ile mishumaa iliyorudishwa usiitupe. Futa jasho kwa karatasi laini, yeyusha makopo kwenye maji ya moto, toa tambi na vibati. Kila kilo moja ya mchanganyiko wako wa asilimia 15 ina takriban gramu 870 za soya na 130 za mafuta. Ongeza soya tupu gramu 435, parafini 760 na stearini 110, usitie mafuta mengine. Utapata zaidi ya kilo mbili za mchanganyiko wa 60, 35 na 5 wenye mafuta yasiyozidi asilimia 6, pengine pungufu kidogo kwa yale yaliyofutwa. Ikoroge dakika mbili kwa nyuzi 80 kama vile ni mpya.

Kabla ya kupeleka sokoni, weka makopo mawili ndani ya boksi la katoni pamoja na kipimajoto, ulifunge, uliache juani kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri. Likifika nyuzi 42 na asubuhi yake juu pakavu, peleka. Pakilowa, shusha mafuta hadi asilimia 5 au pandisha parafini kwa sehemu 5 ukiipunguza soya, kisha rudia jaribio. Wala usihamie kwenye vifuu vya nazi ili kuvutia watalii, kifuu kinashika moto. Wala vikombe vya udongo usiopakwa glezi, vinanyonya nta na kugeuka utambi wenyewe.

Na kifuniko cha sufuria kiwe karibu na mkono wako kila unapoyeyusha. Nta ikishika moto, zima jiko, funika, ondoka. Ukiimwagia maji, moto utaruka hadi darini.